Vitonge vya chokoleti bila oveni wala maziwa, vinavyohimili joto la Uganda

Trafuli ni chokoleti iliyoyeyushwa, ikachanganywa na kitu kizito chenye mafuta, ikaachwa ishike, kisha ikaviringishwa kuwa vitonge vya kumaliza kwa tonge moja au mawili. Kwa desturi kitu hicho kizito ni krimu ya maziwa ya ng'ombe. Hapa mahali pake panachukuliwa na tui la nazi, kwa hiyo asiyetumia kitu chochote cha mnyama, aliye kwenye mfungo, au ambaye maziwa humvuruga tumbo, anakula bila wasiwasi. Oveni haihitajiki. Moto wenyewe ni wa dakika chache, na sigiri (jiko la makaa) inatosha kabisa.

Kazi si ngumu. Kinachowaangusha wengi ni vipimo vilivyoandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako meza ya jikoni huwa na ubaridi. Kampala mchana hufika nyuzi 27 au 28. Gulu, Arua na Moroto hupita 30 mwezi wa Januari na Februari. Mchanganyiko unaosimama vizuri kule, huku unabaki uji.

Mafuta ndiyo yanayoamua

Siagi ya kakao, yaani mafuta ya asili ya chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi. Ndiyo maana kipande cha chokoleti nzuri hukaa kikavu mezani na kulainika mdomoni. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 24. Ukiyachanganya mafuta haya mawili, yale ya nazi huvuta mchanganyiko wote chini, na kitonge kinaanza kutepeta kabla hata ya adhuhuri.

Sasa angalia mapishi mengi ya trafuli zisizo na maziwa: yanakwambia uongeze vijiko viwili au vitatu vya mafuta ya nazi ili zishike. Zikiwa ndani ya friji zinashika kweli. Ukizitoa kwa ajili ya wageni, baada ya robo saa unaokota tope. Usiongeze mafuta ya nazi hata kidogo. Yaliyomo ndani ya tui yanatosha. Dawa ya joto ni kupunguza tui na kuongeza chokoleti.

Kwa uzito, mtu wa Kabale au Kisoro, kwenye baridi ya milimani, anaweza kutumia chokoleti sehemu 2 kwa tui sehemu 1, akapata vitonge laini sana. Kampala, Jinja na Mbale tumia 2.5 kwa 1. Gulu, Lira, Arua na Moroto, au popote usipo na friji la kutegemea, nenda 3 kwa 1. Kitonge cha 3 kwa 1 ni kigumu kidogo kwenye meno lakini kinafika mezani kikiwa kitonge. Vipimo vinavyofuata ni vya 2.5 kwa 1.

Vitu vya kununua

- Chokoleti nyeusi gramu 200, yenye kakao asilimia 60 hadi 70
- Tui zito la nazi gramu 80 (vijiko 5 vya chakula na kimoja cha chai)
- Chumvi, nusu ya robo ya kijiko cha chai
- Vanila, nusu ganda au kijiko 1 cha chai cha vanila ya maji
- Unga wa kakao vijiko 4 vya chakula, kwa kuvingirisha

Hapo unapata vitonge 20 vya gramu 14 hivi. Kama huna mizani, chokoleti nyingi za dukani ni za gramu 100 au 50, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Tui unalipima kwa kijiko.

Chokoleti ndiyo ya kuangalia kwa makini. Iliyo chini ya asilimia 55 ina sukari nyingi na hutoa vitonge vyororo mno. Iliyozidi 80 ni chungu na mafuta yake hujitenga haraka. Uganda inalima kakao yake yenyewe, Bundibugyo ikiongoza, na kuna chokoleti nyeusi zinazotengenezwa humu humu nchini. Nyingi kati ya hizo zina kakao, sukari na siagi ya kakao basi, jambo linalokurahisishia kazi.

Usiamini neno "dark" lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele. Geuza paketi usome maandishi madogo nyuma. Ukikuta milk powder, milk solids, whey, casein, lactose au butterfat, kuna maziwa ndani, na chokoleti nyeusi za bei ya chini huwa nayo mara nyingi. Cocoa butter isikutishe, hiyo ni siagi ya kakao. Soya lecithin nayo ni ya mmea. Ukikuta vegetable fat imetajwa kabla ya kakao, hiyo ni chokoleti ya mafuta ya kupikia: itashika, na pengine itavumilia joto kuliko ile halisi, lakini ladha yake hubaki kama nta kwenye ulimi. Kwa watoto wa sherehe inafaa. Kwa zawadi, hapana.

Kosa jingine la dukani ni kununua kopo la chokoleti ya kunywa badala ya unga wa kakao. Ya kunywa imejaa sukari, wakati mwingine na maziwa ya unga. Unga wa kakao halisi una kitu kimoja tu kwenye orodha: kakao.

Tui la kopo weka ndani ya friji usiku kucha bila kulitikisa. Asubuhi fungua uchote ule utando mzito wa juu. Maji ya chini tia kwenye wali au mboga. Makopo mengine yametiwa vizuizi ili tui lisijitenge, hayo hayatatoa utando hata yakae wiki. Ukikutana nalo, chemsha mililita 130 kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka zibaki 80. Anayekuna nazi mwenyewe achukue nazi mbili, akamue tui la kwanza kwa maji ya moto mililita 100 tu, achuje kwa kitambaa, aliache ndani ya friji lipande utando. Tui la kukamua huchacha baada ya saa chache tu nje ya friji, basi lisilale mezani.

Vanila pia ni ya hapa nyumbani. Ganda zuri la Mukono au Kasese linakunjika bila kuvunjika na lina mng'ao wa mafuta. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa mgongo wa kisu, tia mbegu pamoja na ganda ndani ya tui kabla ya kulipasha. Ganda utalitoa baadaye, ulikaushe na kulizika kwenye kopo la sukari.

Kuyeyusha na kuchanganya

Kata chokoleti vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vipande vikubwa huyeyuka nje na kubaki vigumu ndani, na mabonge hayo utayakuta kinywani. Tumia bakuli kavu la chuma au la kioo nene. Kavu maana yake kavu: bakuli, kisu, mwiko na mikono.

Sasa maji. Jaza sufuria vidole viwili, chemsha, kisha ipua sufuria kutoka kwenye sigiri. Hapa ndipo mwenye makaa anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenye gesi, kwa sababu makaa hayapunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Sufuria ikiwa chini, weka bakuli la chokoleti juu yake. Bakuli liwe pana kuliko mdomo wa sufuria ili mvuke usipande pembeni, na tako lake lisiguse maji. Acha dakika tatu, koroga taratibu. Theluthi mbili zikishayeyuka, ondoa bakuli, futa unyevu wa chini kwa kitambaa.

Wapishi wengi huruka hatua hii, wakamimina tui la moto moja kwa moja juu ya chokoleti ngumu. Kwa kipimo cha 1 kwa 1 hilo linawezekana. Kwa gramu 80 za tui dhidi ya 200 za chokoleti, joto la tui halitoshi kuyeyusha yote, ndipo watu wanapolalamika kwamba imebaki chembechembe.

Pasha tui kwenye kisufuria kidogo pamoja na chumvi na vanila. Vipovu vikianza kutokeza pembeni, ipua, lisichemke likapanda. Limimine katikati ya chokoleti, funika kwa sahani dakika mbili. Kisha koroga kwa mwiko kuanzia katikati, miduara midogo, ukipanua polepole kwenda pembeni. Mwanzoni utaona mabaka kama tope na mafuta yametengana. Usikate tamaa wala usipige kwa nguvu. Baada ya dakika moja au mbili kitovu cha bakuli kinaanza kung'aa, na mng'ao unaenea mpaka mchanganyiko wote unakuwa mweusi, laini, unaofuata mwiko kama utepe. Kama bado kuna vibonge, rudisha bakuli juu ya maji ya moto kwa nusu dakika tu.

Wanaopenda vionjo wavitie hapa: ganda la chungwa lililokunwa kidogo, iliki ya kusaga robo kijiko cha chai, tangawizi ya unga, au kijiko cha chai cha kahawa ya Bugisu iliyosagwa laini kabisa. Anayekunywa anaweza kutia kijiko kimoja cha chai cha waragi; viwili vitalainisha mchanganyiko. Maji ya chungwa au ya limau usitie. Ni maji tu hayo, na yataharibu kipimo ulichokihangaikia.

Ikiharibika bakulini

*Chokoleti imekaza ghafla, kavu, kama udongo wa kufinyangia.* Tone la maji au mvuke limeingia ilipokuwa ikiyeyuka. Maji kidogo hulowesha chembe za sukari zikanatana na kufanya bonge. Ajabu yake ni kwamba dawa ni kuongeza maji zaidi: tia tui la moto, kijiko kimoja cha chakula baada ya kingine, ukikoroga, mpaka ilainike. Lipunguze kwenye zile gramu 80, usije ukazidisha.

*Mafuta yanaelea juu, mchanganyiko umekatika.* Umezidi moto, au kimiminika ni kidogo mno kwa mafuta yaliyopo. Mwenye kipimo cha 3 kwa 1 na mwenye chokoleti ya asilimia 80 hukutana na hili zaidi. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha tui vuguvugu na ukoroge kwa nguvu katikati. Rudia kama hapana budi. Vijiko viwili au vitatu huwa vinatosha, na mng'ao unarudi mbele ya macho yako.

*Saa nne ndani ya friji na bado ni laini.* Tui lilikuwa jepesi au chokoleti ilikuwa na sukari nyingi. Yeyusha gramu 40 hadi 50 za chokoleti, pasha mchanganyiko uwe vuguvugu, changanya, rudisha kwenye baridi. Usijaribu kuukaza kwa unga wa kakao mwingi: utakauka na kupasuka, na ladha itakuwa ya vumbi.

Kupoza na kuviringisha

Mimina mchanganyiko kwenye sahani pana, kina cha sentimita mbili. Ufunike kwa kubandika karatasi ya plastiki juu yake kabisa. Uache nje dakika 40, ndipo uingie kwenye friji kwa saa 2. Ukiuingiza moto, pembe zinakaza mapema na katikati panabaki laini, na mvuke unadondoka juu yake kama umande.

Friji lenye samaki wa jana au vitunguu vilivyokatwa litaipa chokoleti harufu hiyo hiyo. Mafuta ya kakao hunyonya harufu kuliko unavyodhani. Funika vizuri.

Kwa asiye na friji, fanya kazi jioni. Tumia kipimo cha 3 kwa 1, tia mchanganyiko kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, uliweke ndani ya karai la maji baridi sakafuni, chumba chenye hewa, mpaka alfajiri. Viringisha kabla jua halijachomoza vizuri. Kipande cha barafu ndani ya karai kinaongeza kasi, mradi maji yasifikie mdomo wa kopo.

Kiganja cha mtu kina joto la nyuzi 32 hadi 34, lile lile la kuyeyushia siagi ya kakao. Kwa hiyo kuviringisha ni mbio. Nawa kwa maji ya baridi, kausha mikono hadi katikati ya vidole, paka unga kidogo wa kakao viganjani. Chota kijiko cha chai kilichojaa, bana kwa ncha za vidole kipate umbo, kisha kizungushe kati ya viganja kwa sekunde nne au tano, usizidishe. Kikianza kung'aa na kuteleza, umechelewa. Kiweke sahanini, nawa tena. Inasaidia kuchota vyote 20 kwanza, kuvirudisha kwenye friji dakika 15, ndipo uviringishe. Havihitaji kuwa duara kama gololi, na kusema kweli vile vyenye nundu hupendeza zaidi.

Mavazi ya nje yako mengi. Unga wa kakao ndio wa asili. Simsim iliyokaangwa kwenye kikaango kikavu mpaka ianze kuruka ni nzuri kuliko hata kakao, kwa maoni yetu, kwa sababu ukaukau wake unakatiza ulaini wa ndani. Karanga za kukaanga zilizopondwa, au nazi kavu iliyokunwa, nazo zinafaa. Ziwe zimepoa kabisa kabla ya kutumika.

Kuna wanaotaka kuchovya vitonge ndani ya chokoleti iliyoyeyuka ili vipate gamba. Bila kuisawazisha chokoleti hiyo kwa nyuzi maalumu za joto, gamba litatoka mistari ya kijivu baada ya siku moja. Si ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu, na yanalika. Lakini usumbufu wake ni mkubwa kuliko faida.

Kama nazi hakuna: ovakedo

Gramu 100 za ovakedo iliyoiva sawasawa, isiyo na nyuzi, ikipondwa na kupitishwa kwenye chujio, inashika nafasi ya tui kwa gramu 200 za chokoleti iliyoyeyushwa yote. Changanya zote zikiwa vuguvugu; ovakedo ya baridi hukaza chokoleti papo hapo. Ladha ya ovakedo haisikiki ukitia kakao na vanila ya kutosha. Vitonge hivyo hukaa siku tatu ndani ya friji, basi.

Vya tende na odii, kwa asiye na chokoleti wala friji

Hivi ni vya bei nafuu, na ndivyo vinavyostahimili safari. Chukua tende gramu 200 zilizotolewa kokwa, odii (rojo zito la simsim au karanga zilizokaangwa na kusagwa) gramu 100, unga wa kakao gramu 40 na chumvi kidogo. Odii ya sokoni mara nyingi imeshatiwa chumvi, kwa hiyo ionje kwanza. Ya karanga hutoa utamu wa kawaida. Ya simsim ina uchungu kidogo, na inaoana na kakao vizuri sana.

Loweka tende kwa maji ya moto dakika 10, zichuje na kuzikamua. Zitwange kwenye kinu mpaka ziwe kinyunga, tia odii, twanga tena, malizia na kakao ukiitia kwa awamu. Blenda ndogo za nyumbani huungua mota kwa kazi hii. Kinu ni salama zaidi. Kinyunga kikibomoka, tia maji kijiko kimoja cha chai. Kikinata mikononi, tia kakao kijiko kimoja. Viringisha mara moja, hakuna kusubiri baridi: hapa kinachoshika ni tende, wala si mafuta kuganda. Vinatoka 23 au 24.

Ukisaga karanga mwenyewe, zichambue kwa mkono kabla ya kukaanga. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Ukungu huo huacha sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote.

Kuhifadhi na kuandaa

Vitonge vya tui hukaa wiki moja kwenye friji, ndani ya kopo linalobana. Nje, siku moja. Vya tende hukaa siku nne nje na wiki mbili kwenye friji. Sisimizi hawachagui, kopo la plastiki lenye kifuniko kilicholegea ni sawa na kuwaalika, kwa hiyo tumia la kufungwa kwa kuzungusha, au weka sahani ndani ya beseni lenye maji kidogo.

Ukivitoa kwenye friji, usifungue kopo papo hapo. Hewa yenye unyevu ikigusa chokoleti ya baridi hutoa jasho, na kakao ya nje inalowa na kuwa madoa. Acha kopo limefungwa mezani dakika 20, ndipo ufungue. Kama unangoja wageni, bakisha vijiko viwili vya kakao upake upya dakika ya mwisho.

Kwa harusi au kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), viringisha siku moja kabla, vipange kwenye vikombe vya karatasi, na vitoke kwa makundi ya dakika kumi kumi badala ya kumwaga vyote juu ya meza iliyo chini ya hema. Ndani ya hema saa nane mchana ni joto kuliko nje. Na kwa basi la kwenda Arua au Soroti, usihangaike na vya tui hata ukivifunga na barafu. Beba vya tende.